Mnazi na Udongo: Urithi wa Mashamba Katika Pwani ya Bagamoyo

Mtu wa Zinga akisema, "Shamba hili ni la baba yangu," mgeni hudhani amekwisha kufahamu. Kumbe katika neno hilo moja mna vitu viwili, navyo tangu zamani havikulazimika kuwa vya mtu mmoja: udongo, na mti uliosimama juu ya udongo. Mtu aliweza kuwa na minazi arobaini mahali ambapo udongo wake hakuweza kuuuza, na mwingine aliweza kuitwa mwenye mji mahali ambapo hakuwa na ruhusa ya kuangua hata dafu moja. Tusipoitambua tofauti hiyo hatutafahamu jinsi mashamba ya pwani yalivyorithiwa, wala jinsi yalivyopotea.

Zinga iko kusini ya mji wa Bagamoyo, katika njia iendayo Dar es Salaam, si mbali na Kaole na hori ya Mlingotini. Watu wa upande huo ni wa asili nyingi: Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Washomvi, na wengine walioletwa na biashara au utumwa. Zamani Washomvi ndio waliokuwa na majumbe katika miji mingi ya pwani hii, nao husimulia kwamba wazee wao walitoka Barawa. Husimuliwa pia kwamba Washomvi walipoingiliwa na vita vya Wakamba, Pazi Kilama na Wazaramo wake waliwasaidia, na kwa ajili ya msaada huo Washomvi wakawa wakiwapa Wazaramo ada iliyoitwa kanda la pwani. Twaitaja habari hiyo kwa sababu moja tu. Hata huyo jumbe aliyekalia kiti na kuvaa kilemba alikuwa na watu wa kuwapa haki yao. Nyuma ya mkulima palikuwa na jumbe, na nyuma ya jumbe palikuwa na ahadi ya wazee.

Mtu aliyefyeka mwitu wa kwanza ndiye aliyekuwa na haki ya mahali pale, yeye na watoto wake. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa jumbe au kwa mwenye mahali, akatoa zawadi kidogo ya heshima, akaonyeshwa kipande. Humo aliweza kulima mtama, mpunga, mahindi au mihogo. Lakini kupanda mnazi au mwembe lilikuwa jambo jingine kabisa, nalo lilitaka ruhusa yake peke yake. Sababu yake yaonekana wazi. Mtama huvunwa, na msimu ukiisha mwenye kuazima huondoka na jembe lake. Mnazi hungojewa miaka sita au saba hata uzae, kisha huzaa miaka sitini na zaidi. Aliyeupanda hufa, na mti ungali umesimama. Kwa hiyo kumruhusu mtu kupanda mnazi ni kumruhusu yeye na wajukuu wake. Hata leo mzee wa pwani humwazima jirani shamba kwa moyo mweupe, kisha akiona mche wa mnazi umechomekwa kati ya mihogo, moyo hubadilika.

Mti ulikuwa wa aliyeupanda, na shamba likiuzwa, kilichohesabiwa ni miti. Muuzaji na mnunuzi walitembea pamoja na mashahidi, wakagusa mnazi mmoja mmoja, wakaonyeshana mipaka, ambayo mara nyingi ilikuwa mibono iliyopandwa safu, au mwembe mkubwa, au makaburi ya wazee. Wengine waliandikiana hati kwa kadhi, lakini wengi hawakuandika. Hati yao ilikuwa macho ya watu waliokuwapo siku ile.

Hapa twaomba msomaji avuke bahari nasi kidogo, maana Uingereza nako palikuwa na milki iliyotoka katika desturi, wala si katika amri ya mfalme, nayo yatusaidia kuiona yetu vizuri. Huko nchi iligawanyika zamani katika milki kubwa kubwa, kila moja na bwana wake na baraza lake. Wakulima walikaa katika nchi ya bwana kwa desturi ya mahali pale. Mmoja wao akifa, mrithi wake alikuja mbele ya baraza, akalipa ada ya kuingia. Na katika milki nyingi bwana alichukua pia mnyama bora kuliko wote katika zizi la marehemu. Desturi hazikuwa sawa: mahali pengine mtoto wa kwanza wa kiume alirithi yote, mahali pengine kitinda mimba. Na mtu akitaka kuuza, hakumpa mnunuzi shamba kwa mkono wake. Alimrudishia bwana kwanza, kwa kumkabidhi msimamizi wake fimbo. Kisha msimamizi akamkabidhi mnunuzi fimbo ile, na karani akaandika yote katika daftari la baraza. Mkulima akapewa nakala ya maandiko yale. Hiyo nakala ndiyo iliyokuwa milki yake, na kwa Kiingereza milki yenyewe ikaitwa kwa jina la nakala.

Tena kuna jambo lililotuchekesha tulipolisoma. Huko Uingereza miti mikubwa ya mbao katika shamba la namna hiyo ilikuwa mali ya bwana, ingawa mkulima ndiye aliyekuwa amekaa. Mkulima hakuweza kuikata ila desturi ikimruhusu, wala bwana hakuweza kuingia kuikata bila ridhaa ya mkulima. Basi wao walitenga mti na udongo kama sisi, ila wao walimpa bwana mti na sisi tulimpa mti mkulima.

Turudi Zinga. Mwenye minazi akifa, hugawanywaje? Waislamu wa pwani hufuata faradhi, yaani mafungu yaliyowekwa na sheria yao. Tuchukue mfano. Mtu amefariki, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike, na minazi 48. Tuseme wazazi wake wamekwisha kufa, na madeni na gharama za maziko zimekwisha kulipwa, maana hayo hutangulia. Mke hupata thumni, yaani sehemu moja katika nane: minazi 6. Imebaki 42. Mtoto wa kiume hupata mara mbili ya mtoto wa kike, basi twafanya mafungu sita: mawili, mawili, moja, moja. Kila fungu ni minazi 7. Kila mwana wa kiume ana 14, kila wa kike ana 7. Jumlisha, utapata 48 kamili. Sisi walimu tumeona hesabu hii yafundisha sehemu kuliko machungwa ya kitabuni, kwa kuwa mtoto hujua mara moja kwamba akikosea, shangazi yake ananyimwa mnazi.

Msomaji ataona jinsi mti ulivyorahisisha kazi. Udongo ungekatwa vipande vipande, huyu akapata bonde na yule akapata mchanga. Lakini minazi yahesabika, na waliogawana waliweza kuendelea kukaa katika shamba moja, kila mtu akijua yake. Taabu ilikuja katika kizazi cha tatu. Yule binti wa minazi 7 naye akifa akaacha mume na watoto watano, mume hupata robo, yaani mnazi mmoja na robo tatu ya wa pili. Nani atakwea robo tatu ya mnazi? Ndiyo sababu jamaa wengi waliacha kugawana, wakaliweka shamba pamoja, mmoja akalitunza, na nazi zilipoanguliwa kila mtu akapata kadiri ya fungu lake; na baada ya miaka mingi yule mtunzaji, au mwanawe, akaanza kusema "shamba langu." Mashauri mengi ya pwani yalizaliwa hapo, wala hayakuzaliwa na wezi, bali na ndugu waliopendana mno hata wakaona haya kugawana.

Tena kulikuwa na sheria mbili katika nyumba moja. Kwa desturi ya kale ya Wazaramo ukoo ulifuata upande wa mama, na mjomba alirithiwa na mpwa wake. Uislamu ulipoenea, mwana wa marehemu alisimama na faradhi mkononi, na mpwa akasimama na desturi. Kila mmoja alikuwa na wazee wa kumshuhudia, na wote walisema kweli. Watu wenye busara walijua hatari hiyo wakaikimbia kabla ya kufa. Wasia haukutosha, kwa kuwa sheria ya Kiislamu hairuhusu mtu kuusia zaidi ya theluthi ya mali yake, wala kumuusia mrithi bila ridhaa ya warithi wengine. Basi walitumia hiba: baba alimpa mwanawe minazi angali hai, mbele ya watu, na mwana akaishika siku ile ile, akaanza kuangua. Au alimwonyesha mahali akamwambia, "Panda mwenyewe," kwa kuwa mti uliopandwa na mkono wa mwana si urithi wa mtu. Hata Waingereza wa zamani walikuwa na hila iliyofanana na hiyo. Milki ya nakala haikuweza kuachwa kwa wasia mtupu, ikabidi mtu airudishe kwanza kwa bwana wake, ili itolewe baadaye kama alivyoandika.

Tukisifu kanuni ya kwamba mti ni wa aliyeupanda, hatuna budi kuuliza ni mkono wa nani uliochimba shimo. Katika karne ya 19 mashamba mengi ya pwani yalilimwa na watumwa. Mtumwa alipanda, na mti ukawa wa bwana. Hata alichokichuma mwenyewe, sheria ilikihesabu kuwa cha bwana wake. Na mtu aliyeachwa huru akifa bila warithi wa damu, yule aliyemwacha huru, au watoto wake, ndio waliomrithi. Wadachi waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, na utumwa wenyewe ulifutwa na serikali ya Waingereza mwaka 1922. Lakini hakuna amri iliyorudi nyuma kuihesabu minazi. Wako watu ambao babu zao walipanda safu nzima nzima, nao hawana hata mnazi mmoja wa kuuita urithi. Desturi yetu ilikuwa nzuri kwa wale iliowahesabu kuwa watu.

Sasa twaingia habari ya karatasi. Mwaka 1888 Kampuni ya Kidachi ilipopewa na Sultani wa Unguja utawala wa pwani, ilitoa amri nyingi, na mojawapo ilikuwa kwamba wenye mashamba na majumba waje kuandikisha mali zao na kuonyesha hati. Watu wakaona kwamba asiye na hati atanyang'anywa. Jambo hilo lilikuwa moja katika yale yaliyowasha vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na hofu ile ikathibitika miaka sita baadaye. Amri ya tarehe 26 Novemba 1895 ilisema kwamba nchi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kidachi ni nchi isiyo na mwenyewe, nayo ni mali ya serikali, isipokuwa pale ambapo watu, au wakubwa wa nchi, au jamaa za wenyeji waweza kuonyesha haki yao.

Msomaji atazame vizuri. Mkulima wa Uingereza alikuwa na desturi kama sisi, wala si bora kuliko yetu. Lakini karani wa bwana wake alikuwa ameiandika kwa miaka mia kwa mia, na nakala ilikuwa sandukuni. Desturi yetu ilikuwa katika vinywa vya wazee na katika safu za mibono. Na siku alipokuja mtu aliyesoma karatasi tu, mibono haikusema kitu.

Waingereza walipoishika Tanganyika, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba nchi yote ni ya umma, chini ya mkono wa Gavana, na mtu atapewa haki ya kukaa na kutumia tu. Mwaka 1928 ikaongezwa kwamba haki hiyo ni pamoja na ya mwenyeji anayetumia ardhi kwa kufuata sheria na desturi za kwao. Ilikuwa afadhali, lakini haikusema mwenyeji huyo ana nini hasa. Swali hilo lilifika mahakamani katika shauri la Mtoro bin Mwamba na Mwanasheria Mkuu, lililoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 1952 na Mahakama ya Rufaa ya Afrika ya Mashariki mwaka 1953. Mtoro alidai aandikwe kuwa mwenye ardhi kwa milki kamili, akitegemea desturi ya Washomvi. Mahakama haikukubali. Ilisema kwamba desturi ile humpa mtu haki ya kutumia, wala si milki ya udongo wenyewe.

Sisi hatuwezi kusema kwamba mahakimu wale walizua. Ni kweli wazee wetu walitenga mti na udongo. Lakini waliuacha udongo mikononi mwa mji, yaani mwa jumbe na wazee na wote waliozikwa pale, hawakuuacha wazi barabarani. Wadachi walipovunja enzi ya majumbe wa kale, kile kiti kilibaki kitupu, na serikali ikakikalia, ikasema: udongo ni wetu, chukueni miti yenu. Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Sheria iliyopitishwa mwaka 1922, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1926, iliikomesha milki ya nakala, na mkulima akapata milki kamili, ila bwana alilipwa fidia kwa ada alizozikosa. Huko fungu la bwana lilimwendea mkulima. Kwetu fungu la mji liliiendea serikali. Nchi yetu yenyewe imepata kufanya jambo kama lile la Waingereza, mwaka 1965, ilipotungwa sheria ya kuwafungua wakulima wa nyarubanja huko Buhaya kutoka kwa mabwana wao. Pwani hakukuwa na mabwana wa namna hiyo wa kuwaondoa.

Desturi ya kuhesabu miti ikaendelea kuishi mahali ambapo wazee hawakuitazamia, yaani katika sheria za fidia. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 iliagiza kwamba ardhi ikichukuliwa, kiwanja kitupu hakilipiwi. Kilicholipiwa ni majengo, mimea na kazi iliyofanywa juu yake. Mthamini alihesabu minazi, mikorosho na miembe, akaondoka. Basi kaburi la babu, na bonde lililopumzishwa ili lipate rutuba, na mahali mjukuu alipoahidiwa kupanda, vyote vilikuwa kitu bure. Ni mwaka 1994 tu Mahakama ya Rufaa ya Tanzania, Jaji Mkuu Nyalali akiiandikia hukumu, iliposema katika shauri la Lohay Akonaay kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali ya kweli, inayolindwa na Katiba, nayo haiwezi kuondolewa bila fidia ya haki. Kisha sheria mbili za mwaka 1999, iliyo nambari 4 na iliyo nambari 5 ya vijiji, zikatambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani, si miti peke yake. Kwa watu wa Zinga jambo hilo halikuwa la vitabuni. Mwaka 2013 yalipotiwa sahihi mapatano ya kujenga bandari kubwa Mbegani, ardhi iliyotakiwa ilikuwa huko huko, na kila ukoo ulilazimika kusema nani mwenye nini.

Sheria ile ya vijiji ina jambo moja ambalo mkulima wa kale wa Uingereza angelitambua akifufuka leo. Mwenye ardhi ya kimila aweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila, na habari zake huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji. Akitaka kumwuzia mtu wa nje, hawezi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kile kiti kilichokaliwa na wengine tangu Wadachi, kijiji kimerudishiwa pembe yake. Desturi yo yote inayomnyima mwanamke haki yake katika ardhi ni batili, basi mpwa na mwana wakishindana, dada zao nao wana mahali pa kusimama. Na mrithi huenda mbele ya baraza la watu wa kwao, wanaomjua yeye na waliomjua baba yake, karani huandika, naye huondoka na karatasi yake. Ila hapana fimbo ya kukabidhiana, wala hapana aingiaye zizini kumchagua ng'ombe aliye bora.